Ugomvi Usivuke Kizingiti: Namna ya Kutuliza Msongo na Kumaliza Mivutano Kazini na Nyumbani

Bosi anamfokea mtu saa tano asubuhi mbele ya wenzake, naye anameza. Saa mbili usiku mtoto anamwaga uji, na kelele zote zilizomezwa mchana zinamshukia mtoto. Asubuhi mama watoto hajibu salamu, mtu anaingia ofisini kanuna, mteja wa kwanza anajibiwa vibaya, na bosi anapata sababu nyingine ya kufoka. Wengi wakifika hapa huhesabu matatizo mawili, la kazi na la ndoa, kisha huanza kutatua lile ambalo si chanzo.

Maelezo yafuatayo yana mpangilio mmoja, na mpangilio huo ndio wenye kazi: mwili kwanza, maneno baadaye, karatasi mwisho. Anayeanza na maneno kabla mwili haujatulia hufoka. Anayeanza na karatasi, mathalani barua ya kuacha kazi iliyoandikwa kwa hasira, huamka kesho yake na jambo lisilorudi nyuma. Na anayeishia kwenye mwili, akapumua, akatulia, akanyamaza miaka mitatu, ameshusha homa tu. Malaria ipo palepale.

Mwili kwanza

Mtu akikasirika au akiogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, na dakika chache baadaye kotisoli. Moyo huenda mbio, damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa, tumbo hulegeza kazi yake, na uwezo wa kupima maneno hupungua. Ndiyo maana mtu mwenye busara zake anaweza kutamka jambo ambalo hata yeye haliamini. Hali hiyo haiondoki kwa kuambiwa "tulia". Inahitaji muda, na kwa watu wengi muda huo haupungui dakika 20 baada ya kilichomkasirisha kuondoka machoni.

Kipimo chake ni rahisi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata zaidi ya 25 ndani ya sekunde hizo, maana yake ni zaidi ya 100 kwa dakika. Kama hukupanda ngazi wala kukimbilia gari, ahirisha mazungumzo. Chochote utakachosema muda huo utakuja kukiombea radhi.

Cha kufanya badala yake ni kupumua kwa hesabu:

1. Shusha mabega na uachie taya. Meno ya juu na ya chini yasigusane.
2. Weka kiganja juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4. Kiganja kisukumwe nje na tumbo, kifua kisipande.
3. Toa hewa polepole kwa midomo uliyoibana kidogo, ukihesabu hadi 6.
4. Rudia mara 30. Kila mzunguko unachukua sekunde 10, kwa hiyo ni dakika 5 kamili.

Kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakopunguza kasi ya moyo, kwa hiyo ukisahau mengine yote, kumbuka hilo. Aliyezoea kuvuta tasbihi ana kihesabio tayari: punje moja kwa pumzi moja, na 33 zikiisha umepitiliza kidogo. Asiye nayo ahesabu pingili za vidole vinne kwa dole gumba, tatu kila kidole. Zinafanya 12, na mizunguko miwili na nusu inatosha.

Makosa mawili huwafanya watu waseme "nimejaribu, haifanyi kazi". La kwanza ni kuvuta pumzi kubwa za haraka. Mtu anapata kizunguzungu, vidole na midomo vinakufa ganzi, na anaogopa zaidi, kwa sababu ametoa hewa ya ukaa nyingi mno mwilini. Dawa yake ni kupunguza ukubwa wa pumzi, hesabu ibaki ileile. La pili ni kujaribu kwa mara ya kwanza katikati ya ugomvi. Jizoeze wakati hakuna kitu: ndani ya daladala, kwenye foleni ya benki, kabla ya kulala. Baada ya wiki mbili tatu mwili unaujua mchezo, na hapo ndipo utakusaidia siku mambo yanapochafuka.

Wengine msongo huwakaa shingoni na mabegani, si kifuani. Kwao ni bora zaidi kukaza misuli na kuiachia, njia iliyoenezwa na daktari Mmarekani Edmund Jacobson tangu miaka ya 1920. Kunja ngumi kwa nguvu sekunde 5, achia ghafla, kaa sekunde 15 ukisikiliza tofauti. Kisha pandisha mabega hadi masikioni, achia. Endelea na taya, tumbo, mapaja, vidole vya miguu. Mwenye jeraha au maumivu ya mgongo aruke sehemu hiyo.

Na usingizi. Kafeini hukaa mwilini kuliko watu wanavyodhani: kwa mtu mzima, takriban nusu yake bado ipo baada ya saa 5. Kikombe cha kahawa, au kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, cha saa kumi jioni, nusu yake iko kazini saa tatu usiku. Bia nayo humlaza mtu haraka kisha humwamsha saa nane. Ukilala ukageuka geuka zaidi ya dakika 20, ondoka kitandani, kaa mahali penye mwanga hafifu, andika linalokuzunguka kichwani kwa sentensi moja na hatua moja ya kesho, urudi ukisinzia.

Daftari la siku saba

Kabla ya kumkabili mtu kwa jambo linalojirudia, jua unachomkabilia. Chukua daftari, chora safu nne: saa, tukio, mwili ulifanyaje, ulifanya nini baada ya hapo. Jaza kwa siku 7 mfululizo, za kazi na za mapumziko. Sharti moja: kwenye safu ya tukio andika kile ambacho kamera ingekiona. "Bosi ananichukia" si tukio. "Saa 4:10, ripoti imerudishwa mara ya pili bila kuonyeshwa kosa" ni tukio. "Mke wangu ana gubu" si tukio. "Ameniuliza hela ya ada mara tatu kabla sijavua viatu" ni tukio, na ukiliandika hivyo utaona pia kwamba ada haijalipwa.

Siku ya nane yagawe uliyoyaandika. Yapo unayoweza kuyakomesha mwenyewe, yapo yanayohitaji kukubaliana na mtu, na yapo ambayo hakuna atakayeyabadili mwaka huu, mfano foleni ya magari ya Mbagala, Dar es Salaam. La kundi la tatu halistahili kikao wala ugomvi. Linastahili kutoka mapema, au kupumua.

Daftari hizi zina tabia ya kuumbua hela. Mtu alidhani tatizo ni kelele za watoto, kumbe siku zote tatu alizowapigia kelele ni siku alizopigiwa simu na mkopeshaji. Mikopo ya kausha damu inaua amani ya nyumba kwa hesabu nyepesi kabisa. Ukikopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na kila mwezi ukalipa riba tu ya 40,000, baada ya miezi mitano umeshatoa 200,000 na bado unadaiwa 200,000. Hakuna zoezi la kupumua litakaloshinda hesabu hiyo. Orodhesha madeni yote na riba zake, elekeza kila shilingi ya ziada kwenye lenye riba kubwa, na usilipe mkopo kwa mkopo mwingine isipokuwa mpya una riba ndogo waziwazi. Kisha mwambie mwenzako. Deni lililofichwa likija kufichuka, kinachogombewa hakiwi tena hela, kinakuwa uongo, na huo haulipiki kwa awamu.

Dakika ishirini za mlangoni

Makubaliano madogo yenye faida kubwa kuliko yote katika mwongozo huu ni haya: anayetoka kazini apewe dakika 20 kabla ya habari yoyote nzito. Yasemwe mapema, siku ya amani: "Nikiingia nisalimie, nipe dakika ishirini nioge, halafu nipo." Katika dakika hizo oga, badili nguo, kunywa maji, kaa. Usishike simu, maana simu ni ofisi nyingine.

Hapa lazima kitu kisemwe wazi. Katika nyumba nyingi mwanamume anazo dakika hizi tayari, na anazizidisha kuwa saa mbili za kijiweni. Asiyenazo ni mama, anayetoka kazini au sokoni na kukuta sufuria zinamsubiri na mtoto amekwisha kung'ang'ania khanga. Kama nyumba ina watu wazima wawili, dakika zake zinapatikana tu pale mwingine anapowasha jiko. Kumwambia apumue wakati maharage yanaungua ni dhihaka.

Grupu la WhatsApp la kazi lizimwe sauti baada ya saa za kazi. Kubaliana na mkuu wako kwamba dharura ya kweli inapigiwa simu. Ujumbe unasubiri asubuhi. Wakubwa wengi hukubali wakiombwa hivyo, kwa sababu hata wao wamechoka.

Kazini: mwite pembeni, na salamu kwanza

Mwenzako akikukwaza, zungumza naye ndani ya siku moja au mbili, mkiwa wawili, ana kwa ana. Usimsemee kwenye grupu wala mbele ya mteja. Usianze bila salamu; kwetu kuruka salamu ni kutangaza vita kabla ya neno la kwanza. Kisha yapange maneno yako hivi: tukio, madhara yake kwako, ombi lako, na swali.

"Kaka, habari za tangu jana. Jumatatu na jana ulitoka kabla sijaingia zamu. Nikakuta wateja wanasubiri na droo haijahesabiwa, jana nikafidia upungufu mfukoni kwangu. Naomba wiki hii tukabidhiane kwa kuhesabu pamoja, dakika kumi zinatosha. Wewe unaonaje?"

Angalia yasiyomo. Hamna "kila siku", hamna "wewe ni mvivu", na hamna "watu wanasema". Hilo la mwisho ndilo baya zaidi. Ukishataja "watu", yeye ataacha hoja na kuanza kumsaka aliyesema, na mvutano wa wawili unakuwa wa idara nzima. Swali la mwishoni nalo si pambo: huenda anatoka mapema kwa sababu gari la mwisho la kwao linaondoka saa hiyo, na hapo suluhisho ni kusogeza zamu kwa robo saa.

Kwa bosi lugha inabadilika kwa sababu cheo kipo. Mwombe nafasi kwanza: "Shikamoo mzee, naomba dakika kumi zako leo mchana." Mpelekee uchaguzi, usimpelekee manung'uniko. "Nina kazi tatu, zote zinatakiwa Ijumaa: mahesabu ya mwezi, majibu ya mkaguzi na hesabu ya stoo. Zote kwa pamoja sitazimaliza vizuri. Nianze na ipi, na ipi isubiri hadi Jumanne?" Bosi akiambiwa "kazi ni nyingi mno" husikia uvivu. Akiulizwa ipi itangulie, anaamua, na uamuzi ukishatoka kinywani mwake lawama ya Jumanne inapungua.

Akikufokea hadharani, usimjibu palepale hata kama una haki. Mbele ya watu yeye analinda heshima, na mtu anayelinda heshima hasikii hoja. Sema moja tu: "Nimekusikia mzee, nitakuja ofisini baada ya saa saba tulizungumze." Kisha nenda kweli. Wanaoharibu ni wale wanaosema watakuja, halafu hawaendi kwa sababu hasira imeshuka. Mwezi unaofuata wanafokewa tena.

Mkishakubaliana kwa mdomo, tuma ujumbe mfupi siku hiyohiyo: "Asante kwa muda wako. Kama tulivyokubaliana, hesabu ya stoo itakamilika Jumanne saa tisa." Ndiyo karatasi ya kwanza, na mara nyingi ndiyo ya mwisho inayohitajika.

Karatasi inapohitajika

Uchovu mwingine hautokani na udhaifu wa mtu, bali na saa za kazi zisizo halali. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kazi ya ziada inahitaji makubaliano, haizidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Baada ya saa 5 mfululizo kuna mapumziko ya angalau dakika 60, na kila wiki saa 24 za mapumziko. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kanuni hizi za saa haziwahusu mameneja wanaosimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, kwa hiyo angalia uko upande gani kabla ya kunyanyua kidole. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya 2005, na Kenya ya 2007, tarakimu zinatofautiana.

Andika saa zako za kuingia na kutoka kila siku, kwa mkono wako, siku hiyohiyo. Hesabu ya mwezi iliyoandikwa kwa kukumbuka haina uzito mbele ya mtu yeyote. Ukiwa na wiki nne, anza ndani: msimamizi, kisha afisa rasilimali watu, kisha malalamiko ya maandishi, ukiwa na tawi la chama cha wafanyakazi pembeni kama lipo.

Ikishindikana, mlango unaofuata ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wengi huiita CMA. Unajaza fomu CMA F.1, unamkabidhi mwajiri nakala, unaiwasilisha Tume pamoja na ushahidi kwamba amepokea. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, na muda wake ni siku 30 isipokuwa pande mbili zikikubaliana kuuongeza. Kinachowaangusha wengi ni kalenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Ukichelewa itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa, na "nilikuwa nasubiri wazee wayamalize" huenda isitoshe.

Na ile barua ya kuacha kazi iliyoandikwa saa tano usiku, usiitume. Sheria inatambua kwamba mwajiri anaweza kumfanyia mtu vituko hadi kazi isivumilike, na kuondoka kwa namna hiyo huweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa. Lakini mzigo wa kuonyesha hivyo uko kwako, na swali la mapema utakaloulizwa ni kama ulitumia kwanza njia za malalamiko za ndani. Barua ya mistari miwili, "naacha kazi kwa sababu binafsi", inaifuta kesi yako kwa mkono wako mwenyewe.

Bosi akitaka mwili wako ili akupe kazi, zamu nzuri au cheo, hilo halimo katika mvutano wa kazini. Ni rushwa ya ngono, kosa chini ya sheria ya kupambana na rushwa ya 2007. Hifadhi ujumbe wake bila kuufuta na upigie TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113.

Nyumbani: saa, mahali, na neno la kwanza

Jinsi mazungumzo yanavyoanza ndivyo huishia mara nyingi, kwa hiyo chagua mwanzo. Usianzie mlangoni, wala njaa ikiwa imeshika, wala kitandani, wala mkiwa njiani kwenda msibani. Katika nyumba ya kupanga, ambako ukuta haufiki juu na mpangaji mwenzenu anasikia hata kijiko kikianguka, tokeni nje mtembee. Kutembea sambamba kuna faida nyingine: hamtazamani usoni, na sauti hushuka zenyewe.

Jambo moja kwa kikao kimoja. "Mama Neema, kuna jambo la hela ya ada linanisumbua, tunaweza kuliongea baada ya chakula?" Hapo umetaja jambo, umeomba muda, hujamshitaki. Ukianza na "wewe na hao ndugu zako", jioni hiyo mtafika hadi harusi ya 2011.

Mmoja akipandisha, tumieni mapumziko, na yana masharti. Anayeyaomba aseme tatu: hali yake, anakokwenda, na saa ya kurudi. "Nimepandisha. Naenda dukani na kurudi, saa tatu tunaendelea." Yasipungue dakika 20, yasipite siku moja. Aliyeomba ndiye anayerudi kuanzisha. Akisubiri mwenzake aanze, mapumziko yamegeuka kuwa kususa. Katika muda huo fanya kitu cha mikono: chota maji, funga kuku, fua soksi. Ukiutumia kupanga majibu au kumpigia dada yako simu, utarudi moto kuliko ulivyoondoka.

Nyumba nyingi zina mzunguko mmoja wa kudumu: mmoja anarudia neno kwa sababu hajajibiwa, mwingine anakimbia kwa sababu neno limerudiwa. Huyu anaitwa mwenye gubu, yule anaitwa jiwe. Wa kuukata mzunguko ni anayekimbia, maana ndiye mwenye hatua fupi. Arudie alichosikia kabla ya kujibu: "Unataka tarehe ya kulipa ada, sio ahadi. Nimeelewa. Ijumaa ya tarehe 28." Gubu nyingi hukoma hapo.

Kuna neno "yaishe". Kwa jambo dogo ni neno zuri, litumieni bila hesabu. Kwa jambo lililojirudia mara tatu, kabla ya kusema yaishe ulizaneni: kesho kitafanyika nini tofauti, na nani? Kama hakuna jibu, hayajaisha, yamelazwa. Na ukiomba radhi, taja kitendo. "Samahani kama nimekukosea" inamtupia mwenzako kazi ya kuthibitisha kosa. Sema "Nilikusema mbele ya mawifi zako, nimekosea." Halafu rekebisha mbele ya watu walewale, kosa la hadharani halifutwi chumbani.

Hela iwe na kikao chake, nusu saa, kesho yake baada ya mshahara au baada ya mgao wa kikoba. Karatasi moja inatosha: kodi, chakula, ada, nauli, madeni, kwetu, kwenu, na kiasi kidogo cha kila mmoja ambacho haulizwi. Mistari ya "kwetu" na "kwenu" ndiyo huzua moto zaidi, kwa hiyo wekeni kiwango kinachojulikana na wote, na mfuko wa pembeni wa misiba na magonjwa ili kila simu ya kijijini isiwe kesi mpya. Kila mmoja azungumze na ndugu zake mwenyewe. Mama akikataliwa jambo, akataliwe na mwanawe. Mkwe akipeleka jibu hilo, hata kama ni jibu lilelile, limeshakuwa tusi.

Mtu wa kati

Mkishindwa wawili, tafuteni mmoja. Mshenga, somo, wasimamizi wa ndoa, sheikh, mchungaji, mzee wa familia, yeyote mradi wote wawili wamemkubali, anajua kufunga mdomo, na hamdai wala hadaiwi na yeyote kati yenu. Mkiwaambia watano, mtapata hukumu tano na mtaa mzima utajua. Kikao kiwe hivi: kila mmoja dakika 10 bila kukatizwa, msuluhishi arudie alichosikia kwa kila upande hadi mwenyewe aseme "ndivyo", kisha waandike mambo mawili au matatu ya kufanya na siku ya kukutana tena, wiki mbili au tatu mbele. Kikao kisicho na tarehe ya pili huwa hotuba.

Zaidi ya hapo lipo Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la jumuiya ya dini kama BAKWATA na makanisa, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Wengi huliogopa wakidhani kulifikia ni kuanza talaka. Kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa ndipo hutoa hati, na bila hati hiyo, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, mahakama haipokei ombi la talaka. Hati iwe haijapita miezi 6 siku ombi linapofunguliwa.

Pasipo na usuluhishi

Kipigo hakisuluhishwi kwa maneno mazuri, na mbinu zote za juu zisitumiwe kwa anayekupiga, anayekukaba koo au anayekutishia silaha. Kukabwa koo hasa ni dalili ya hatari ya kuuawa, hata pasipo na alama. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenza wake adhabu ya viboko. Usitangaze kwamba unaondoka. Hifadhi kitambulisho cha NIDA, vyeti vya watoto na nauli kwa mtu unayemwamini. Jeraha likiwa kubwa kimbilia hospitali, kisha fomu ya matibabu ya PF3 kutoka polisi. Ukiweza kutembea, anzia Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja. Mtoto, au jirani anayemsikia mtoto, apige 116 bila malipo. Walio Kenya wana 1195, namba ya waliofanyiwa ukatili wa kijinsia.

Mengine ni maradhi. Ukipita wiki mbili ukiwa na huzuni au kukosa hamu karibu kila siku, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, au unajiona mzigo, nenda kituo cha afya. Hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki za afya ya akili. Ukifikiria kujiua, nenda leo, na usiende peke yako. Mpe daktari lile daftari alisome, linampunguzia maswali ishirini. Akikupumzisha, chukua cheti: kwa Tanzania Bara likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika kila miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, na mwajiri halazimiki kulipa siku ambazo hukumletea cheti.